Mke Mwenza wa Chumvi

Alikuja ndani ya mfuko, mfuko ndani ya boksi la povu,
boksi juu ya mapaja ya mume wangu,
treni mbili na basi moja,
na theluji ya Sanjo mabegani mwake hakuipangusa.
"Fusae," akaniita kutoka mlangoni, "zima taa kwanza."
Miaka thelathini na moja ya ndoa
hajawahi kuniomba nizime taa kwa sauti laini namna ile.

Nikamwona kwa mwanga wa korido.
Mweusi wa makaa, kila gamba na kitone chake cha fedha,
wavu wa chuma umefumwa ngozini,
na pindo za mapezi kama zimechovywa kwenye kiini cha yai.
Samaki kipepeo, wa miamba ya Ogasawara.
Wa aina yake hawauzwi ovyo.
Bei niliiona kwenye risiti
aliyoikunja mara nne, akaificha chini ya gunia la mchele,
pahali ambapo mkono wangu hufika kila siku.

Baba yake alikuwa mhunzi wa mikasi.
Shigekatsu alirithi nyundo, mapafu hakurithi;
karakana tukaiuza.
"Tazama," akasema, pua imegusa kioo,
"hakuna mkono uliowahi kufua hivi. Hata wa baba."
Nikamjibu: "Na bili ya umeme, ataifua nani?"

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Huyu ya tatu ilifika, mikono hana,
na kula hataki.
Kamba waliogandishwa, hataki.
Kamba waliosagwa na kitunguu saumu, hataki,
ila nyumba yangu ilinuka wiki nzima.
Uji wa mwani uliopakwa kwenye tumbawe kavu
aliusogelea, akautazama kwa jicho moja,
akageuka, akautazama kwa jicho la pili,
vilevile marehemu mama mkwe
alivyoitazama supu yangu ya kwanza.

Daftari liko kando ya pampu. Nililisoma alipolala.
Joto ishirini na mbili. Chumvi sawa. Hajala.
Joto ishirini na mbili. Chumvi sawa. Hajala.
Siku ya nane hakuandika joto.

Mwenyewe alikuwa juu ya stuli, kidevu kifuani,
mwanga wa buluu ukimvuta mashavu ndani.
Stuli ile niliijua.
Ndivyo alivyokaa Nagaoka, niliposhonwa tumbo
na uji wa hospitali ukapoa mbele yangu siku nne:
hakubembeleza, hakukemea, hakwenda nyumbani.
Nilidhani wakati ule hana la kusema.

Siku ya kumi na moja nilikuwa jikoni,
kome wakitema mchanga kwenye bakuli.
Mmoja alijisahau, akaacha mdomo wazi.
Sijui kilichonituma. Nilimpasua kwa kisu cha mkwe wangu,
nikakunja mkono wa sweta hadi kwenye kiwiko
na kuuzamisha mkono wangu ndani ya bahari ya watu.
Ilikuwa na uvuguvugu. Hilo sikulitegemea.

Kombe lilitua mchangani. Nyama ikatikisika.
Akaja.
Jicho la kwanza. Jicho la pili.
Kisha mdomo ule mwembamba, kama koleo la sonara,
ukadonoa. Ukadonoa tena.

Shigekatsu alikuwa uani akikoleza theluji kwa sepetu.
Ningegonga dirisha angesikia.
Sikugonga.
Nilisimama pale na maji yakinidondoka kiwikoni,
tukala wawili, yeye kwa mdomo na mimi kwa macho,
hadi kombe likabaki jeupe.
Ndipo nikaita.

Jioni daftari lilisema: Amekula. Kome mmoja.
Nani aliyempa, halikusema.
Nikachukua kalamu, nikaongeza jina langu,
mwandiko mdogo, pembeni, karibu na chumvi.

Supu ya usiku ule ilipungukiwa kome mmoja,
na ulikuwa wangu, maana nilipakua mimi.
Shigekatsu alimaliza bakuli, akaomba jingine.