Bittukodu

Kiingereza cha hati kimevaa tai:
kitenzi kimoja, kirefu, hakina jasho.
"Chasemaje?" auliza Tungavva.
Kalamu ya karani Shantaveerappa yasita.

Kwa Kikannada, asema, ni mawili yaliyoshonwa:
bittu, ukishaachilia;
kodu, toa.

"Naachilia kwanza?"
"Kwanza."
"Halafu natoa nini, na mikono mitupu?"

Kaka zake wawili watazama feni.
Nje, soko la Byadgi lapakia pilipili;
karani apiga chafya,
afunua kamusi ya marehemu babake,
ukurasa ulioliwa na mchwa
hapohapo.

Tungavva ameshachovya kidole kwenye wino.
Akipuliza.
Lile shamba la mtama, ekari moja na nusu.

"Niandikie hilo la pili tu," asema.
"La kwanza bado sijaliweza."