Sanduku la Betri

Mbao nimezitoa kitandani mwa Bibi Nyevu,
mbambakofi, nzito kama deni.
Betri mbili za lori, za mtumba,
nikazipima kwa uzi wa cherehani:
shibiri mbili na vidole vitatu.
Nikasahau unene wa nyaya.
Nikapasua upya.

Karavani lenyewe Mtaliano alilitupa Maweni,
matairi yamelala miaka kumi,
kuku wanatagia kwenye sinki.
Nataka lifike Mambrui, hata Marafa,
ninyoe vichwa kwa mashine
pale nguzo za stima zinapoishia.

Dama ananishangaa na keekee mkononi:
"Sanduku jipya, mbona walitoboa?"
Betri hupumua, mwanangu.
Ukiiziba pumzi, itakulipukia.
Chini nikatandika mpira wa tairi,
pembeni mkanda wa punda,
zisirukeruke kwenye makorongo.

Jana usiku nimeunganisha. Cheche moja,
nikaruka, Dama akacheka,
kisha taa ikakubali.

Bibi hakulala gizani hata siku moja.
Kibatari kilikesha karibu na mto wake,
kikimwagikia ubao.
Doa la mafuta ya taa lipo kwenye kifuniko.
Randa nilikuwa nayo.
Sikulipitisha.