Hamira Mchaguzi

Kila Ijumaa jioni napita Ngara na gunia
kwa Kwamboka, muuza mahindi choma.
Nataka magunzi. "Kwani kuni zimeisha huko chuoni?"
Namwambia yana sukari ndani yake.
Huangua kicheko, hulinyanyua moja juu ya makaa:
"Sukari! Hili hata mbuzi hulifikiria mara mbili."

Lakini imo. Nimeitoa mwenyewe
kwa asidi na mvuke, macho yakiniwasha,
maji ya kahawia yanukayo kabati la zamani:
sukari mbili katika chupa moja,
glukosi, na nduguye zailosi asiyealikwa.

Nawe hamira, uliyeumua mandazi ya nchi nzima,
glukosi uliimaliza kabla ya saa nne usiku.
Zailosi ukaiacha vilevile,
kama mtoto achokoraye nyama
na kuusukuma ugali pembeni mwa sahani.
Mchagua jembe si mkulima, nilikuambia.
Hukusikia. Huna masikio, una milango,
na ndani ya milango hapakuwa na wa kumpokea mgeni.

Daktari Mwikali akaenda kumtafuta mpokezi
kwenye kinyesi cha ndovu, Lang'ata.
Kuvu inayoishi tumboni mwa mnyama yule
iwezayo kumeng'enya hata ufagio
ina jeni moja tuliyoihitaji.
Tukainakili, tukakupachika.
Miezi kumi na minne.
Mara ukaishi bila kula,
mara ukala bila kutoa kitu,
mara ukafa chupa nzima, nami mwosha vioo
nikajikuta sinkini nakwambia pole.

Jumanne stima ikapotea Chiromo yote.
Jenereta haikuwa na mafuta:
pesa zimeombwa, barua iko ghorofa ya tatu.
Basi tukazitikisa chupa kwa mikono,
mimi na Mwikali, kwa zamu, viatu tumevua,
kama wanaobembeleza pacha waliogoma kulala.
Hakuna aliyezungumza sana.
Aliniuliza tu kama mama amepona mguu.

Stima ilirudi saa moja asubuhi.
Mashine ikasoma: glukosi, sifuri.
Zailosi...
akavua miwani, akaifuta kwa koti, akaivaa tena,
karibu sifuri.

Tulipokwisha kukeneka
ilijaa kifuniko cha soda, basi.
Haikutosha jenereta,
haikutosha pikipiki kufika Pangani.
Tukawasha kibiriti, hatukuona kitu.
Ikabidi tuzime taa,
zilezile tulizoziomba usiku kucha,
ndipo tukaiona: ya buluu, haina moshi,
imesimama kwa adabu juu ya bati,
ikaondoka bila kuacha jivu.

Nilimhadithia Kwamboka Ijumaa.
Aligeuza mahindi, akapepea makaa,
akaniangalia na gunia langu.
"Shilingi hamsini," akasema.
"Kama ni sukari, basi si takataka."