Waya wa Rangi ya Chungwa

Kabati lilifika Jumatatu, theluji ikianguka,
limezongwa nailoni kama zawadi ya arusi.
Tarmo, mwenye kiwanda, hakunisabahi.
"Lini, Urve? Msumeno umelala siku tisa,
magogo yamejaa uani, wateja wa Riga
hawaachi kupiga simu. Lini?"

Nilifungua mlango. Nikahesabu nyaya
kama mama ahesabuvyo watoto
mwisho wa safari.
Nyeusi, za nguvu. Nyekundu, za amri.
Buluu iliyokoza na buluu iliyopauka,
dada wawili wasioruhusiwa kuazimana nguo.
Na ule wa kijani na manjano,
ambao siku zote hauna kazi
ila siku moja.

Wa rangi ya chungwa sikuuona.
Aliyelisuka kabati hili, huko alikolisukia,
alipeleka mweusi tu kwenye taa ya ndani,
taa inayobaki na umeme
hata swichi kuu ikizimwa.
Mweusi kati ya weusi:
nyoka kwenye lundo la kamba.

Nikauchomoa. Tarmo akaguna:
"Waya ni waya. Umeme hauna macho."
Kweli, hauna.
Rangi ni ya mwenye macho,
fundi wa usiku nisiyemjua,
atakayekuja nikiwa nimestaafu, au nimezikwa,
tochi mdomoni, vidole vimekufa ganzi,
akiamini kwamba kilichozimwa kimezimika.
Huyo ndiye niliyemwandikia barua
ya neno moja na nusu, kwa rangi ya chungwa:
Ningali hai. Usiniguse.

Siku mbili nilikaza skrubu
kwa bisibisi yenye kipimo, kila moja mpaka iseme tak.
Nikakwangua rangi mpya, nzuri,
chini ya kila kiungo cha waya wa ardhi,
kwa sababu urembo haupitishi umeme.
Tarmo alifumba macho
utadhani nakwangua gari lake.
Nikabana mpira wa mlango,
maana unga wa mbao ni mwizi mwembamba,
hupita pasipopita hata baridi.
Nikapima ardhi, nikapima kihami kwa volti mia tano.
Namba zikanijibu vizuri. Sikuziamini. Nikapima tena.

Kalju ndiye mwenye msumeno.
Mkono wake wa kushoto una vidole vitatu.
Viwili aliviacha hapa, mashine ya zamani,
siku umeme ulipokatika.
Msumeno ulisimama. Akapenyeza mkono atoe ganda la msonobari.
Umeme ukarudi.
Hapana aliyeuwasha. Uliamka wenyewe,
kama mbwa aliyeitwa jina.
Kanisani walisema ajali haina kinga.
Mimi nilikaa benchi la nyuma, mwanafunzi wa ufundi,
nikamtazama bandeji, nikanyamaza.

Alhamisi nilimwita yeye, si Tarmo.
"Bonyeza."
Kitufe chekundu juu ya manjano. Msumeno ukanung'unika,
ukapunguza, ukanyamaza.
"Sasa kizungushe, kiachilie."
Kikafyatuka, na Kalju akaruka nyuma hatua mbili.

Kimya.

"Kukiachilia si kuuwasha," nikamwambia.
"Umeupa ruhusa tu. Kuwasha ni kitufe kingine,
na ni mkono wako."
Akabonyeza tena. Akaachilia. Akangoja.
Tena. Nilihesabu mara kumi na moja.
Tarmo alitazama saa, akaitazama tena,
kisha akavuta mkono wa koti ukaifunika.

Nikakata umeme wa jengo zima, nikaurudisha.
Taa za darini zikawaka, redio ya jikoni ikaimba.
Msumeno haukusogea.

Nilibandika kibati. Nikakabidhi kitabu cha maelekezo,
kurasa arobaini za Kiestonia,
ambazo Kalju alizipima uzito kiganjani bila kuzifungua.
Akaenda kwenye swichi kuu, akaishusha,
akatia kufuli, akadumbukiza ufunguo mfukoni.
Kisha akaulaza mkono wake wa kushoto
juu ya meno baridi ya msumeno,
akauacha pale,
nje wakipakua magogo.