Yowe, Saa Mbili Usiku

Kilikuwa na ukubwa wa kipande cha sabuni ya kufulia,
cha njano, kimefungwa kwa utepe usiotaka mchezo.
Nilikinunua Inverness, nikanung'unikia bei:
kwa fedha zile, kwetu Singida,
mtu anarudi kutoka mnadani na mbuzi wanne na chenji ya nauli.

Wakati wa kukisajili wakaniuliza:
tukikusikia, tumpigie nani?
Sikuwa na mtu upande huu wa maji.
Nikaandika namba ya dada yangu Mwanaidi,
nikacheka, nikakisukumia mkobani chini ya soksi,
kikakaa miaka miwili kama akiba ya maziko.

Slioch ni mlima wenye mabega, hauna haraka.
Nilikuwa nateremka, Oktoba, saa kumi jioni,
jiwe likageuka chini yangu kama mtu aliyeitwa jina,
na mguu wa kushoto ukaelekea kusikostahili.
Chini kabisa niliona taa za Kinlochewe,
nane, tisa, zikiwaka mojamoja
kama watu wanaoitikia salamu kwa uvivu.
Simu ilikuwa na saa tu, na picha zangu.

Nikapiga kelele. Ukungu ukazimeza.
Nikapiga tena, safari hii kwa Kinyaturu,
maana maumivu hayajui lugha ya kazini.

Saa nne nzima nilibishana na kile kisanduku.
Kimeandikwa: kwa hatari ya maisha peke yake.
Mguu ni maisha? Baridi ni maisha?
Watu wale kesho wana kazi zao,
nami ni nani, mlezi wa wazee,
nimekuja mlimani kutafuta nini?
Saa mbili vidole vikakoma kuuliza.
Nikang'oa utepe, nikainua antena, nikabonyeza.

Hakikusema kitu.
Kitaa kikapepesa, kikapumzika, kikapepesa.
Kwetu ukipiga yowe unajua limefika:
bawaba inalia, mbwa wanapokezana,
jina lako linarudi gizani, "Tunakuja!",
kabla hata miguu haijaona ndara.
Hili lilipanda, likapita mawingu,
nami nikabaki chini yake na kitaa,
nikihesabu, nikikosea, nikianza upya.

Sikujua kwamba lilitua kwanza Singida.
Saa nne usiku, Mwanaidi anasugua sufuria ya ugali,
simu inaita, Kiingereza cha puani:
Unamfahamu? Alikwenda wapi? Amevaa nini?
Akajibu kwa maneno aliyobakiza tangu darasa la saba:
Ndugu. Mlima. Koti jekundu.
Kisha akaiweka simu juu ya stuli, akatoka uani,
akapiga yowe la kweli.

Wakaja. Mkumbo na tochi, mama Kitundu na mchi,
vijana wa bodaboda, mwalimu kajifunga shuka.
Wezi wako wapi? Wamekimbilia wapi?
Mwanaidi akanyoosha mkono kaskazini,
na wote wakageuka kutazama kaskazini,
ambako kulikuwa na choo cha jirani, na nyota.
Hakuna aliyerudi kulala.

Huku, saa saba, helikopta imeshindwa na ukungu,
walinifikia kwa miguu: Ishbel mpeleka barua,
Farquhar wa kituo cha mafuta,
mpishi wa hoteli, bado ananuka vitunguu,
na mbwa aliyenilamba sikio kana kwamba tunadaiana.
Hakuna aliyeniuliza nilikuja kutafuta nini.
Waliniuliza kama chai yangu naitaka na sukari.

Jumapili nikampigia dada, plasta hadi gotini.
Alitaka kujua jambo moja: walikuja wangapi?
Kumi na mmoja, nikamwambia.
Akanyamaza. Nikasikia anahesabu, anataja majina chinichini.
Hapa, akasema, tulifika thelathini na wawili.