Ndoo ya Nyamizi

Tabora, ukiona katoni inavuja
unajua ni asali.
Hivyo ndivyo tulivyojua sisi wa ghala la vifurushi
nyuma ya stesheni:
dumu la Sikonge limelegea kifuniko,
dumu la Inyonga limekaliwa na gunia la karanga,
na kabla hujaandika "limevuja" kwenye daftari
unapitisha kidole, unaramba,
unamwambia mwenzako: hii ya miombo,
hii wameitia sukari.
Miaka sita nimekula mshahara,
na juu ya mshahara, kidole.

Nyamizi alirudi kutoka semina ya Dodoma, siku mbili tu,
ana cheti, ana glavu za mpira za kufika kiwikoni.
Akaomba ndoo ya mchanga mkavu
na kilo tano za magadi.
Mhasibu akauliza, kwani tunapika maharage?
Tukacheka.
Ndoo ikakaa mlangoni, tukazimia sigara humo.
Paka wa stesheni naye akaipatia kazi yake.
Kila Jumatatu Nyamizi aliuchekecha mchanga ule
bila neno,
kama mtu anayechambua mchele wa wageni
ambao hawajasema watafika lini.

Wakafika usiku wa kuamkia Alhamisi.
Lori la Dar lilikuwa limechelewa saa tano.
Katoni ya kadiri, gundi ya kahawia,
wino mzito: MAFUTA YA NYWELE.
Mpokeaji, Msonda Kapela, Urambo.
Kona moja imelowa.
Taa ya upande wetu ilikuwa imekufa tangu Idi;
nikaona unyevu unang'aa,
nikanyoosha kidole.

"Mkono!"

Hakuniita Mgalula. Aliuita mkono,
nao ukamtii kabla yangu.

Nikatazama chini: saruji inachemka,
povu jembamba, linanong'ona,
na karatasi ya kifurushi cha jirani
inageuka nyeusi bila moto.
Asidi. Ya betri.
Maswanya, kijana wa kushusha mizigo, akaja mbio na maji.
"Weka chini! Maji yataitembeza ghala zima."
Akazima feni. Akafungua milango yote miwili.
Akatutoa nje, kisha akavaa,
akauzungusha mchanga kutoka pembeni kuja kati,
taratibu, kama anayezuia kuku asitoroke.
Magadi akayanyunyiza kidogo kidogo.
Yakafoka. Akangoja.
Akanyunyiza tena, akangoja,
mpaka sakafu ilipokosa la kusema.

Mimi nilikuwa bombani.
Tone moja lilikuwa limepita kwenye raba yangu,
na dakika ishirini, kwa saa ya Nyamizi,
nilisimama mguu chini ya maji
kama mtoto aliyekojoa kitandani.
Kumbe maji nayo yana mahali pake.

Asubuhi akaja Msonda Kapela na risiti.
"Mafuta yangu yako wapi?"
Akaonyeshwa.
Akasema nauli ya asidi ni kubwa, ya mafuta ni ndogo,
na kwani kuna aliyekufa?
Nyamizi hakumjibu.
Aliichukua raba yangu, akaiweka kaunta kati yao:
tundu la ukubwa wa shilingi hamsini.
Msonda akachungulia,
akaona upande wa pili.
Akavua kofia. Sijui kwa nini alivua kofia.

Jana dumu la Sikonge limevuja.
Nyuki wawili walikuwa wameshaingia dirishani,
mashahidi wa kutosha.
Nikaandika: "Kimiminika. Hakijajulikana."
Nyamizi akapita nyuma yangu, akasoma,
akacheka kwa mara ya kwanza tangu Dodoma.
"Mgalula, hiyo ni asali."

Najua.
Nikavaa glavu.
Mchanga tumebadilisha, ndoo ina mfuniko sasa.
Paka analala juu yake.