Dhiraa ya Nani

Jumapili baada ya ibada tulibaki sita
chini ya mabati ya kanisa la Maweni, Malindi,
joto likiangusha maneno kabla hayajafika.
Nilikuwa nawafundisha habari za mji ule utakaoshuka,
malango yake lulu, misingi yake vito,
na ukuta wenye kimo cha dhiraa mia na arobaini na nne.
"Dhiraa," nikasema, "ni toka kiwikoni
hadi ncha ya kidole cha kati."
Nyevu akapima wake juu ya benchi. Mzee Tsofa akapima.
Mwaringa akauliza, "Ya nani?"

Mwaringa alikata mawe miaka kumi na tisa
kwenye timbo lile nyuma ya shule.
Hoteli ngapi za ufukweni zimesimama kwa mawe yake,
yeye hajui, hajawahi kuingia.
Mwaka juzi msumeno wa mashine uliruka,
ukaondoka na mkono wa kulia, chini kidogo ya kiwiko.
Mwenye timbo alifika hospitali na mfuko wa machungwa
(machungwa! nani angeyamenya?)
akasema, "Usijali. Nitakuangalia."

Na anamwangalia.
Kila akipita na gari hushusha kioo,
humwangalia, hupandisha.
"Huyo," Mwaringa husema, "ndiye mtu pekee
aliyenitimizia ahadi neno kwa neno."

Basi nikamjibu nilivyofunzwa:
kwamba mji ni mfano, ukuta ni mfano,
namba ni njia ya kusema hakuna kitakachopungua.
"Na mkono?" akasema. "Tumeambiwa tutafufuka wazima.
Nao ni mfano?"
Nikafungua mdomo.
"Maana ulipokatika haukuwa mfano."

Mzee Tsofa akakohoa. Alitaka kumwokoa mmoja wetu,
sijui yupi.
Nyevu akasema polepole, kama anayechambua mchele,
"Mbona fungu la kumi si mfano?
Kumi ni kumi, mhasibu huhesabu hadi shilingi.
Yetu ya kutoa ni hesabu,
yetu ya kupokea ni mafumbo."
Wakacheka. Mimi nilicheka wa mwisho.

Usiku nilichukua futikamba ya mke wangu, ile ya cherehani,
nikajipima: inchi kumi na nane.
Nikazidisha. Futi mia mbili na kumi na sita kwenda juu.
Kwa jiwe la inchi tisa, bila kuhesabu simenti,
kozi mia mbili themanini na nane.
Karatasi nzima nimeichafua,
kwa hesabu ambayo Mwaringa angeimaliza kichwani
kabla sijapata kalamu.
Ndipo nilipomwelewa, nikaona haya.
Hakuwa anatilia shaka.
Alikuwa anauliza kipimo,
kama fundi aulizavyo kabla ya kukubali kazi.

Jumapili iliyofuata, wakati wa kupeana amani,
alikuja akaninyooshea kilichobaki.
Nimewaambia wengi kwamba Bwana atawashika mkono;
nimelisema makaburini, nimelisema wodini.
Sikujua nishike wapi.
"Shika hapo kwenye kiwiko, Mwalimu," akasema.
"Si ulisema dhiraa inaanzia hapo?"